Mchezaji wa Kumi na Sita

Wizara ya Michezo, Nidhamu na Matumaini inapenda kuutangazia umma kwamba timu ya taifa ya raga haikufungwa. Ilipungukiwa. Wageni walipata pointi ishirini na tatu, sisi ishirini na mbili, na huo upungufu wa pointi moja ni suala la kiutawala ambalo tayari linashughulikiwa na vyombo husika. Wananchi wanaombwa kuacha kulia hadharani. Wenye kilio cha lazima walie majumbani kwao, kwa utulivu, hadi Kamati itakapomaliza kazi yake.

Tangazo hilo lilisomwa redioni kutwa nzima. Aliyelitunga alikuwa Mkurugenzi wa Tathmini, bwana mnene wa sauti na mwembamba wa maamuzi, aliyekwisha kutathmini kila kitu pale wizarani, kuanzia mapazia hadi mahudhurio ya paka wa stoo, isipokuwa kazi yake mwenyewe. Safari hii alikabidhiwa mzigo mzito zaidi: ampe kila mchezaji alama, moja hadi kumi, ili taifa lijue ni nani hasa aliyelitia aibu. Wageni walikuwa bado mjini wakisubiri mechi ya pili, na agizo la Waziri lilikuwa wazi. Mchezaji atakayepata chini ya alama tatu atafutwa kwenye timu na hatavaa tena jezi ya taifa maishani mwake.

"Wengine mtajua wenyewe," Waziri alimwambia. "Ila yule wa nyuma, yule aliyesimama mpira ukipita, huyo asipone. Nimesikia watu wanamlalamikia."

Yule wa nyuma walimwita Komeo. Alikuwa mlinzi wa mwisho, na jina alilipata kwa sababu akishakomea hapiti mtu. Komeo alikuwa pia mtoto wa dada yake Mkurugenzi, tumbo moja, dada aliyeacha shule na kushika cherehani wazazi wao walipofariki, ili mdogo wake asome mpaka afike mahali pa kutathmini watu.

Sasa lazima ieleweke kilichotokea. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi nne, king'ora cha dakika ya mwisho kikalia. Katika raga king'ora hakimalizi mchezo. Mchezo unaisha mpira ukifa, na mpira ulikuwa hai kabisa mikononi mwa wageni. Hilo linajulikana hata na wauza karanga wa nje ya uwanja. Msafara wa Waziri haukulijua. Ratiba yao ilisema, "King'ora kikilia, Mheshimiwa ateremke kupiga picha na washindi," na ratiba ya wizara haibishani na mpira. Basi zulia jekundu likakunjuliwa kukatiza pembe ya uwanja, na juu yake akaja Waziri ndani ya suti nyeupe, mkono hewani, akilipungia jukwaa, nyuma yake wakubwa wengine wamejipanga kwa kufuata ukubwa.

Wakati huo huo winga wa wageni alichomoka na mpira pembeni. Komeo akamkimbilia. Alikuwa anamfikia, uwanja mzima ulikuwa umekwisha kuvuta pumzi ya kushangilia. Ghafla Waziri huyo hapo, katikati yao.

Komeo akasimama. Akabana miguu, akainamisha kichwa, akapisha.

Winga akazunguka ncha ya zulia, akalaza mpira chini nyuma ya mstari. Trai hiyo, pointi tano. Teke lao la nyongeza lilikwenda kutafuta ndege, lakini nani alikuwa na haja nalo tena? Refa alipoulizwa alisema yeye huangalia mpira, na mpira haukugusa zulia. Waziri mwenyewe alikuwa bado anapungia jukwaa, akishangaa kwa nini watu wake wameshika vichwa.

Na hilo la kupisha Komeo hakuliota. Siku mbili kabla ya mechi, badala ya mazoezi, timu nzima ilifungiwa ukumbini kwa Semina ya Itifaki kwa Wanamichezo. Majitu yale yalikalishwa kwenye viti vya plastiki vilivyokuwa vikilia chini yao, yakafundishwa kwamba mchezaji akikutana na kiongozi, mahali popote na katika hali yoyote, asimame, ainamishe kichwa, apishe. Walijaribishwa mmoja mmoja. Mwezeshaji wa semina alikuwa Mkurugenzi wa Tathmini, na yale maneno "katika hali yoyote" aliyasema huku akigonga meza.

Kamati ilikutana ghorofa ya tatu, kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake hupuliza joto. Mwenyekiti alikuwa mkaguzi mstaafu wa shule za msingi, mzee aliyekuwa hajawahi kuona raga lakini alikuwa ameona makosa mengi. Kando yake alikaa Afisa Itifaki, yule aliyepanga ile ratiba na lile zulia. Wajumbe waliobaki walikuwa na kazi ya kuafiki. Kocha aliitwa kutoa maelezo, akapewa kiti kisichofika mezani.

Vigezo vilikuwa vinne: usafi wa jezi, kudumu wima, mwelekeo, na heshima. Taa zikazimwa, video ikawashwa.

"Huyu namba tatu," Mwenyekiti alisema, "kila nikimtazama yuko chini."

"Huyo ni wa skramu, mzee," Kocha alijibu. "Kazi yake ndiyo hiyo, kwenda chini na watu."

"Mmesikia? Anakiri. Tena anakwenda na wenzake. Kudumu wima, sifuri."

Sifuri ikaandikwa. Video ikaendelea, na Mwenyekiti akazidi kusogeza miwani puani.

"Kocha, hebu nisaidie. Mbona hawa vijana wote wanarusha mpira nyuma?"

"Ndiyo sheria ya raga, mzee. Ukiurusha mbele kwa mkono ni kosa."

"Sheria ya nani? Wizara hii kaulimbiu yake ni 'Mbele kwa Mbele'. Imebandikwa mpaka chooni. Yaani tumewavalisha watu jezi ya taifa warudishe maendeleo nyuma, mbele ya wageni?"

Kocha akamtazama Mkurugenzi kwa macho ya kuomba maji. Mkurugenzi akainama, akaandika: mwelekeo, sifuri, wote waliogusa mpira. Hadi saa ya chai, mchezaji aliyeongoza alikuwa mmoja wa akiba ambaye hakuinuka benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Jezi yake iling'aa, hakuanguka, hakurusha chochote upande wowote. Alipata tisa. Moja ilikatwa kwa kupiga miayo.

Kisha wakafika pale. Komeo anakimbia, Komeo anasimama, anainama. Na mbele yake, jeupe, limejaa kioo kizima, lile umbo la Waziri.

"Mimi hapo," Mwenyekiti alisema polepole, "naona mchezaji amesimama. Sijui wenzangu mnaona nini."

"Tunaona amesimama," wajumbe wakaafiki.

"Amesimama mbele ya nini?" Kocha aliuliza.

"Mbele ya hewa," Afisa Itifaki alijibu upesi.

"Na hicho cheupe?"

"Mwanga. Jua la saa kumi hupiga sana upande ule."

"Jua limevaa tai?"

"Kocha," Mwenyekiti alisema, "wewe umekuja hapa kujibu, hujaja kuona. Mkurugenzi, andika. Alisimama bila sababu."

Mkurugenzi aliandika. Hesabu ilipopigwa, Komeo alipata moja na nusu.

Kesho yake dada yake alikuja ofisini, nyuzi bado zimemng'ang'ania kwenye gauni. Katibu muhtasi alimwambia Mkurugenzi yuko kikaoni. Dada akasema kikao hicho na kimpe nafasi dakika moja, akasukuma mlango, akamkuta ndugu yake peke yake anakula keki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimeambiwa unamfuta mwanangu."

"Si mimi, dada. Ni tathmini. Mimi ni sehemu tu ya mchakato."

"Mchakato ndiyo nani? Namjua mama yake?"

"Dada, mambo ya serikali ni mazito, ukiyatazama kwa juu juu..."

"Mimi nakutazama wewe. Mtoto hali, halali. Ananiambia, 'Mama, mjomba ndiye aliyetufundisha tusimame. Nilisimama alivyosema, sasa ananifukuza kwa kusimama.' Nikamwambia haiwezekani, mjomba wako nilimlea mimi. Au nilikosea?"

Mkurugenzi alitafuta neno la kiofisi, lenye silabi nyingi, la kumfichia uso. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayoanzia masikioni.

"Sikuja kukuomba kitu," dada alisema akiinuka. "Nimekuja kukutazama tu. Nimekuona."

Ijumaa Waziri alikuja kupokea ripoti. Kamati ilikuwa imekubaliana kila kitu: video ionyeshwe kidogo, na Komeo anapoanza kukimbia Mkurugenzi abonyeze rimoti, picha ikatike, watu wapige makofi. Waziri akaketi kwenye kiti kilichowekewa mto. Video ikaenda. Komeo akaanza kukimbia. Afisa Itifaki akatoa kikohozi kile walichoagana.

Mkurugenzi alikuwa na rimoti mkononi na kidole juu ya kitufe. Kidole kikagoma. Afisa Itifaki akakohoa tena kama mgonjwa wa kifua, kisha akampiga teke chini ya meza. Mkurugenzi akaiweka rimoti mezani, akaifunika kwa kiganja, akatazama dirishani.

Kioo kikajaa weupe.

"Simamisha!" Waziri akafoka.

Mwenyekiti alifumba macho. Mjumbe mmoja alianza kutafuta miwani yake chini ya meza.

"Huyo si mimi?"

Hakuna aliyejua jibu gani lingempeleka nyumbani salama. Wote wakamgeukia Mkurugenzi.

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Waziri akasogea, pua karibu iguse kioo. Akajitazama kushoto, akajitazama kulia.

"Kumbe suti hii inanikaa hivi?"

"Inakukaa, Mheshimiwa!" chumba kizima kikapumua.

"Tazama mwendo huo. Tazama kifua. Sasa nyie, mbona kwenye tathmini simo?"

"Mheshimiwa," Mwenyekiti alisema, "tulitathmini waliokuwa uwanjani tu."

"Na hapo niko wapi? Sokoni?"

Ripoti ya pili iliandikwa papo hapo, na haijawahi kutokea Kamati kukubaliana kwa furaha namna ile. Usafi: suti nyeupe pee, kumi. Kudumu wima: ndiye pekee ambaye hakuguswa na mtu, kumi. Mwelekeo: hakurudi nyuma hata unyayo, kumi. Heshima: wote walimpisha, hata wapinzani walizunguka, kumi. Kwa kuwa nafasi kumi na tano zilikuwa na wenyewe, aliandikwa mchezaji wa kumi na sita, na akatangazwa kuwa mchezaji bora wa mechi.

"Na huyu kijana aliyeinama hapa, mbona ana moja na nusu?" Waziri aliuliza.

"Alisimama bila sababu, Mheshimiwa," Mwenyekiti alijibu kwa mazoea.

"Bila sababu? Mimi ni bila sababu?"

Mzee wa watu alikunywa maji ya jirani yake. Komeo akapandishwa hadi tano, akabaki kwenye timu. Waziri akaisaini ripoti kila ukurasa, akaagiza medali ichongwe, na nakala ipelekwe kwa msafara wa pikipiki hotelini kwa mjumbe wa Shirikisho la Raga la Mabara, aliyekuwa amefuatana na wageni, ili dunia nayo imtambue.

Mkurugenzi alikwenda kwa dada yake jioni hiyo, akiwa amejiandaa kushukuriwa. Komeo alikuwa amekaa kati ya vitambaa, magoti yake makubwa yamegusa cherehani.

"Kwa hiyo, mjomba, kwa kumpisha nimepata kumi ya heshima, na kwa watu wote niliowakaba dakika themanini nimepata sifuri?"

"Umebaki kwenye timu, mwanangu. Mengine tutayarekebisha."

"Haya. Na kesho kutwa akitokea tena mbele yangu, nifanyeje?"

Mkurugenzi, aliyekuwa na jibu la kila swali katika wizara nzima, aliokota kipande cha kitambaa sakafuni, akaanza kukikunja. Dada yake alikata uzi kwa meno.

Siku ya mechi ya pili uwanja ulifurika. Waziri alifika na suti nyeupe mpya, medali ya mchezaji bora kifuani, Mkurugenzi na Mwenyekiti nyuma yake, Afisa Itifaki akisimamia wabeba zulia. Langoni alisimama mwanamke mfupi mwenye beji ya Shirikisho. Alinyoosha mkono, si kwa salamu bali kwa kuzuia.

"Wewe ndiye mchezaji wa kumi na sita?"

"Mwenyewe," Waziri alisema, akiigeuza medali ipate jua.

"Nashukuru kwa ripoti yenu. Nimeshughulikia tathmini nyingi, lakini sijaona nchi inayokiri kwa saini kwamba ilichezesha watu kumi na sita. Tungeweza kuiondoa timu yenu. Tumeona vijana hawana kosa, tumemfungia mhusika. Hukusajiliwa, hukupimwa afya, na uliingia na viatu vya ngozi. Huruhusiwi kukanyaga uwanja wowote wa raga kwa miaka mitano. Hata jukwaani."

Waziri alicheka kwanza, akingoja wengine wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Mama, mimi ni Waziri."

"Waziri kiti chake kipo, kinamsubiri. Ila hapa imeandikwa wewe ni mchezaji."

"Basi imeandikwa vibaya!"

"Kama ripoti ni ya uongo, aliyeiandika aseme hapa hapa, niifute, uingie."

Waziri akageuka. "Mkurugenzi. Mwambie mimi ni nani."

Mwenyekiti, ambaye kanuni alizijua kuliko majina ya wajukuu zake, alimnong'oneza Mkurugenzi sikioni: "Kumbuka, ya pili ikifutwa, ya kwanza ndiyo inasimama. Yule kijana ana moja na nusu, haingii uwanjani leo wala kesho."

Kupitia lango Mkurugenzi aliwaona wachezaji wakipasha misuli. Komeo alikuwa nyuma kabisa, peke yake, akirukaruka na kutazama huku langoni, kule zulia lilikokuwa. Jukwaani, safu za chini, dada yake alikuwa amejifunga leso kichwani na kuinua shingo. Maisha yake yote ya kazi Mkurugenzi alikuwa ameulizwa maswali ili atoe jibu lililokwisha kutolewa. Alijua kwamba Jumatatu ofisi yake itakuwa na mtu mwingine na keki yake nyingine.

"Ripoti ni sahihi," alisema.

"Unasemaje?"

"Mheshimiwa, ni sahihi. Ulikuwa uwanjani mpira ukiwa hai. Ulicheza. Umesaini kila ukurasa, na medali umeivaa." Akamtazama mpwa wake kupitia lango, akaendelea. "Na kusema kweli, Mheshimiwa, mechi ile hakuna aliyewasaidia wageni kukuzidi wewe."

Afisa Itifaki alilegea, akakalia zulia. Waziri akafungua mdomo kumfukuza kazi, akakumbuka kuwa kuna wapiga picha, akabaki ametabasamu huku mishipa ya shingo imesimama. Kuivua medali ilikuwa ni kukiri kwamba alidanganya. Kubaki nayo ilikuwa ni kubaki nje. Mjumbe wa Shirikisho alimpisha Mkurugenzi apite, na mlinzi wa lango, askari mgambo mwenye kofia iliyomzidi, akarudisha komeo la chuma.

Mkurugenzi alikuwa bado kwenye ngazi filimbi ilipopulizwa. Punde winga yule yule wa wageni akachomoka pembeni, njia nyeupe mbele yake. Komeo alitoka nyuma, hakupunguza, hakumtazama mtu. Walikwenda chini pamoja, matope yakaruka mpaka safu ya kwanza. Uwanja mzima ulilipuka. Dada yake alikuwa amesimama juu ya kiti, leso mkononi, akipiga vigelegele.

Nje ya lango sauti ya Waziri ilisikika, nyembamba, ikipandia kelele.

"Nini hicho? We askari! Kumetokea nini huko ndani?"

Mgambo aliyekuwa akichungulia kwenye upenyo wa bati hakugeuza hata shingo.

"Tulia, mzee," alisema. "Subiri tathmini."